Kairo: filamu ya mizimu isiyotaka kujieleza

Maswali kuhusu Kairo, filamu ya Kijapani ya mwaka 2001, huwa yaleyale. Nani anawaua wale vijana? Ule utepe mwekundu milangoni ni wa kazi gani? Kwa nini mtu mzima anageuka doa ukutani? Na yule msichana wa mwisho, anaposema amepata furaha, furaha hiyo kaitoa wapi katika dunia iliyokwisha watu? Filamu ina umri wa zaidi ya miaka ishirini, lakini kila anayeifikia leo anaanza na maswali hayo. Wengi wanaifikia kupitia kipande kimoja kinachozunguka mitandaoni: mwanamke anatoka kwenye kona yenye giza, anatembea taratibu, mguu unamlegea katikati ya hatua, anakaribia kuanguka, anajiinua, anaendelea kuja.

Kwa maoni yangu, ugumu wa filamu hii unatokana na jambo moja. Yapo mambo inayoyaonyesha kwa macho, na yapo mambo ambayo wahusika wake wanayakisia wakiwa wameshikwa na hofu. Mtazamaji anayeyachukua yote kwa uzito mmoja atazunguka mpaka achoke. Akiyatenga, mengi yanakaa mahali pake, na yanayobaki wazi yanaonekana yaliachwa wazi kwa makusudi. Nitasimulia hadithi yote pamoja na mwisho wake, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo aitazame kwanza.

Tuanze na mepesi. Kairo iliandikwa na kuongozwa na Kiyoshi Kurosawa. Ilitoka Japani mwanzoni mwa 2001, na Mei mwaka huo ikapata tuzo ya wakosoaji wa filamu, FIPRESCI, katika tamasha la Cannes, kitengo cha Un Certain Regard. Jina lake maana yake ni saketi, ile njia ambayo umeme hupita na kuzunguka. Nje ya Japani inajulikana zaidi kama Pulse. Mwongozaji huyu hana undugu na Akira Kurosawa, yule mzee wa filamu za samurai. Wamefanana jina la ukoo tu.

Nikisema mzimu humu ndani, nina maana ya roho ya mtu aliyekufa. Sizungumzii jini, ambaye kwa imani ya wengi wa pwani yetu ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto na hakuwahi kuwa binadamu, wala pepo wa kupungwa. Wajapani humwita mfu anayetokea yūrei, na kwa mapokeo yao huyo ni mtu ambaye safari yake haikukamilika: hakufanyiwa ibada zinazostahili, au alikufa akiwa na jambo zito moyoni. Miongoni mwao wamo onryō, mizimu yenye kinyongo, na hao ndio wenye historia ndefu. Sugawara no Michizane, msomi na waziri aliyesingiziwa na kupelekwa uhamishoni kisiwani Kyushu, alifariki mwaka 903. Yakafuata majanga, na mwaka 930 radi ikapiga kasri la mfalme. Watawala wakaona ni hasira yake. Wakamrudishia cheo, wakamjengea hekalu, na leo wanafunzi wa Kijapani wanakwenda kumwomba wafaulu mitihani. Mwaka 1825 jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, likampata Oiwa, mke aliyetiwa sumu, akasalitiwa na mumewe, anayerudi kumwandama.

Mizimu ya namna hiyo ina kanuni ambayo mtazamaji anaielewa haraka. Kuna dhuluma, kuna kisasi, na pengine kuna njia ya kuituliza. Ringu, filamu ya 1998 iliyoitangaza mizimu ya Kijapani duniani, inasimama juu ya kanuni hiyo hata ikiwa na mkanda wa video badala ya kaburi: ukiutazama mkanda unapewa siku saba, na kuna jambo la kufanya ili upone. Watazamaji walioingia Kairo wakitoka huko waliingia wakiitafuta kanuni. Nani alimdhulumu nani? Siku ngapi? Dawa ni ipi? Hakuna. Mizimu ya Kairo haina kinyongo na mtu. Haijulikani ni ya akina nani, haina majina, na hakuna anayechimba kisa chao kisimani wala darini. Hilo ndilo fundo la kwanza, na ukilifungua umeshapunguza nusu ya kero.

Sasa hadithi. Ina nyuzi mbili zinazokutana karibu na mwisho. Uzi wa kwanza ni wa Michi, anayefanya kazi na wenzake wachache katika duka la mimea lililo juu ya paa la jengo mjini Tokyo. Mwenzao Taguchi hajaonekana kwa siku kadhaa, na ana diski wanayoihitaji kazini. Michi anamfuata kwake. Taguchi yupo, anamjibu, anamwelekeza ilipo diski, anachukua kamba mbele ya macho yake bila haraka yoyote, anaingia upande wa pili. Michi akimfuata anamkuta amejinyonga. Hapakuwa na ugomvi wala machozi. Kwenye ile diski wanakuta picha ya Taguchi amesimama chumbani akitazama kioo cha kompyuta, na ndani ya kioo hicho yumo yeye yuleyule akitazama kioo, na ndani yake tena, bila kikomo. Kwenye kioo cha pembeni umejitokeza uso usio wake.

Yabe, mwenzao mwingine, anapigiwa simu na sauti inayosema tu: nisaidie. Anakwenda kwa marehemu, anakuta doa jeusi ukutani lenye umbo la mtu, na karatasi inayotaja chumba kilichokatazwa. Baadaye anauona mlango uliozibwa kwa utepe mwekundu, anaubandua, anaingia. Humo ndimo anamokutana na yule mwanamke anayeyumba. Anajificha nyuma ya kochi, na uso unachungulia juu yake. Kuanzia hapo Yabe si Yabe tena. Anakaa, haongei, na mwisho anabaki doa. Junko, mwenzao mwingine wa dukani, naye anaingia chumba cha namna hiyo. Michi anamvuta nje, anampeleka kwake, anamuuguza. Haisaidii. Asubuhi moja Junko anasogea ukutani, anageuka doa, na upepo wa dirishani unayachukua majivu.

Uzi wa pili ni wa Ryosuke, mwanafunzi wa uchumi asiyejua chochote kuhusu kompyuta, ambaye ameamua kujiunga na intaneti kwa sababu kila mtu anajiunga. Usiku kompyuta inajiwasha, inapiga yenyewe simu ya kuingia intaneti, inaonyesha watu waliokaa peke yao katika vyumba vyenye giza, kisha inauliza kama angependa kukutana na mzimu. Anakimbilia chuoni kuomba msaada na huko anakutana na Harue, mtaalamu wa kompyuta, mpole na mwenye huzuni ambayo mwanzoni hatuijui chanzo chake.

Pole pole jiji linakwisha watu, na hatuoni vita wala ugonjwa. Unatazama tukio barabarani, kisha unagundua kwamba kwa dakika kadhaa hujaona mpita njia hata mmoja.

Hapa anaingia Yoshizaki, mwanafunzi wa shahada za juu, na maelezo ambayo watazamaji wengi huyashika kama ufunguo wa filamu nzima. Anasema nafasi ya roho za wafu ina mwisho. Fikiria nyumba ya kupanga: vyumba vikijaa, wapangaji wapya hulala ukumbini, kisha barazani, na siku inafika wanamwagika barabarani. Barabara hiyo, kwa dhana ya Yoshizaki, ni dunia yetu. Roho zilitafuta upenyo, zikaupata, na ukishapatikana haufungiki tena.

Ni maelezo mazuri, na filamu ingekuwa nyepesi kama tungeambiwa tuyaamini. Lakini angalia ni nani anayeyasema: kijana wa maabara, mbele ya kioo cha kompyuta, anayejenga hoja kichwani. Na hata tukimkubalia, hajajibu swali lililotusumbua. Ametueleza mizimu inapita wapi. Kwa nini anayekutana nayo anapoteza hamu ya kuishi, hajasema.

Harue anaongeza dhana ya pili. Kwake, mizimu haiwezi kutaka kutuua, kwa sababu kila anayekufa ni mzimu mmoja zaidi mahali palipokwisha kujaa. Badala yake itatufungia ndani ya upweke wetu tukiwa hai. Hoja ina mantiki, tena inatisha. Ila nayo ni ya kukisia, na Harue ana sababu zake. Anamweleza Ryosuke kwamba tangu zamani amekuwa mpweke, na kwamba alikuwa akijifariji kuwa kifo kitampeleka kwa wengine, mpaka siku moja ikamjia kwamba huenda na huko pia mtu hukaa peke yake. Anapotazama picha za wale watu wa vyumba vya giza, anaona hakuna tofauti kubwa kati ya walio hai na waliokufa. Alikuwa na hofu hiyo kabla mizimu haijaja. Mizimu imempa ushahidi aliokuwa akiuogopa.

Tunaye mmoja tu anayezungumza kutoka upande wa pili, naye ni mfu mwenyewe. Karibu na mwisho Ryosuke anafuata kifuniko cha dumu la mafuta kilichobiringika kikaingia chumba kilichozibwa. Mlango unajifunga. Mzimu wa mwanamume unatokea, na kwa mara ya kwanza tunasikia neno kuhusu kifo kutoka kwa aliyekipitia: kifo, unasema, kimekuwa upweke usiokwisha. Kisha unaomba: nisaidie. Ryosuke, ambaye filamu nzima amekuwa akijitia moyo, anasema hakitambui kifo. Anauendea ule mzimu ili aushike, akitegemea mikono yake itapita hewani na jinamizi liishe. Mikono inashika mabega. Mzimu unamwambia kwamba si njozi.

Nadhani tukio hili lina uzito kuliko nadharia zote mbili za chuoni, na linajibu swali la kwanza. Nani anawaua? Hakuna. Rudi uitazame mizimu inachokifanya hasa: inakuja, inatazama, inanena, inaomba. Katika matukio makubwa mawili ya filamu, anayenyoosha mkono ni aliye hai. Ryosuke anaushika mzimu ili kuukanusha. Kabla yake Harue, akiwa kwake, anaona kwenye kompyuta picha yake mwenyewe ikichukuliwa kwa nyuma, wakati huohuo, kutoka kwenye kona isiyo na mtu. Hakimbii. Anainuka, anaifuata ile kona, anaikumbatia hewa na kusema kwamba hayuko peke yake. Kwa jinsi alivyoogopa upweke, hata mzimu ni mgeni wa kupokelewa. Kinachowamaliza watu ni habari wanayopewa: kwamba kule mbele hakuna anayekusubiri. Wengine wanajiua, wengine wanafifia wakiwa wameketi. Wafu hawakuleta sumu. Walikuja kuomba msaada, na ombi lao likawa ndiyo habari yenyewe.

Ndiyo maana siridhiki na wanaosema kwamba mizimu ya Kairo ni mafumbo tu, kwamba "si mizimu ya kweli, ni upweke." Mwongozaji aliliona pingamizi hilo likija. Alimpa Ryosuke pingamizi hilohilo, akamwacha anyooshe mikono, na mikono ikagusa bega. Ndani ya hadithi hii wafu ni wafu kweli. Wanabeba maana, sawa, lakini maana hiyo haiwafuti.

Doa na majivu

Kati ya mambo yasiyoelezwa na mhusika yeyote, doa la ukutani ndilo ambalo Mjapani na mgeni wanaliona kwa macho tofauti kabisa. Mgeni anaona uchawi. Kwa Mjapani, umbo la mtu lililobaki ukutani lina anwani. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, mtu alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe za tawi la benki ya Sumitomo mjini Hiroshima, takriban mita 260 kutoka chini ya mahali bomu lilipolipuka. Mwanga na joto vililipausha jiwe lote isipokuwa pale alipoketi. Kivuli kikabaki. Ngazi hizo ziliondolewa na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hiroshima, na watoto wa shule hupelekwa kuziona. Filamu haitaji Hiroshima hata mara moja. Haina haja.

Majivu nayo yana uzito wake. Japani karibu kila anayekufa huchomwa moto, na baada ya hapo ndugu hukusanyika kuokota mifupa kwa vijiti na kuiweka kwenye chombo, wakianzia miguuni kwenda kichwani ili marehemu asikae kichwa chini. Kisha kuna maombi ya siku na miaka iliyopangwa, na kila mwaka, katikati ya Agosti kwa sehemu nyingi za nchi, kuna Obon, siku ambazo wafu wa ukoo hukaribishwa nyumbani kwa taa na kusindikizwa tena. Uhusiano na wafu ni kazi ya familia, na ina ratiba.

Sasa mtazame Junko. Hana jeneza wala moto, na hakuna ndugu mwenye vijiti. Majivu yanaondoka na upepo wa dirishani wakati rafiki yake amesimama hajui afanye nini. Kwa mapokeo niliyoyataja mwanzo, mtu anayeondoka hivyo ndiye hasa anayekosa njia. Filamu inatuonyesha jiji zima likigeuka wafu wasiozikwa, mmoja mmoja, bila mtu wa kuwahesabu. Hii ni tafsiri yangu, siwezi kusema mwongozaji aliikusudia hivyo, lakini inanipa sababu ya mizimu kuongezeka bila ya kuhitaji hesabu za Yoshizaki.

Kuhusu ule utepe mwekundu

Sehemu kubwa ya mkanganyiko wa utepe imetoka Marekani. Mwaka 2006 Hollywood ilitengeneza toleo lake, Pulse, likiongozwa na Jim Sonzero na kuigizwa na Kristen Bell. Watengenezaji hawakupenda maswali yaachwe hewani. Wakaweka kanuni: mizimu inasafiri kwa mawimbi ya simu na kompyuta, inanyonya hamu ya kuishi, utepe mwekundu unaizuia, na anayetaka kupona akimbilie mahali pasipo na mtandao. Kanuni zikawa nyingi, hofu ikapungua. Wapo wengi waliotazama toleo hilo kwanza, au waliosoma muhtasari wake, kisha wakaenda kwenye filamu ya Kijapani wakiwa na kanuni hizo mfukoni na kushangaa mbona hazifanyi kazi.

Katika Kairo utepe si kinga. Mizimu inapatikana ndani ya vyumba vilivyozibwa, na filamu haituonyeshi hata mara moja utepe ukimwokoa mtu. Yoshizaki anasimulia kuhusu jengo la kubomolewa, ambapo mfanyakazi mmoja wa ujenzi aliuziba mlango kwa utepe mwekundu. Jengo likabomolewa baadaye, lakini jambo lilikuwa limeshaanza. Maana yake, kwa jinsi ninavyomwelewa, ni kwamba kifaa chenyewe kinaweza kuwa cha kijinga kabisa. Mlango, utepe wa dukani, chumba kitupu: mradi njia imeungana mwanzo na mwisho, inaanza kufanya kazi yenyewe na haikuombi ruhusa. Ndiyo saketi ya kwenye jina. Intaneti ni njia nyingine ya aina hiyohiyo, kubwa zaidi tu.

Na hapo tunaifikia dhana inayopendwa kuliko zote, kwamba Kairo ilitabiri mitandao ya kijamii. Inavutia. Facebook ilianza 2004, YouTube 2005, na huku 2001 kuna filamu yenye watu waliojifungia vyumbani wakijionyesha kwenye kamera bila kusema na yeyote. Lakini utabiri ni sifa ya bei rahisi, na inatuondoa kwenye nchi na wakati ambao filamu ilikuwa inauzungumzia. Uchumi wa Japani ulikuwa umeporomoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 ulileta tetemeko la Kobe mwezi Januari na shambulio la gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwezi Machi. Mwaka 1998 idadi ya waliojiua nchini ilipanda ghafla kutoka zaidi ya 24,000 mwaka uliotangulia hadi 32,863, na ikabaki juu ya 30,000 kwa mwaka mpaka 2011. Mwaka huohuo wa 1998 daktari wa akili Tamaki Saito aliandika juu ya vijana waliojifungia vyumbani kwa miezi na miaka, wanaoitwa hikikomori, na jina hilo likaingia kila nyumba. Mtazamaji wa Tokyo wa 2001 hakuhitaji kuambiwa mtu anawezaje kutoweka huku akiwa na majirani ukuta kwa ukuta.

Tena ukiwaangalia vizuri wahusika, upweke umewatangulia kabla ya modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti. Kule dukani Michi na wenzake wanafanya kazi hatua chache tu kutoka kwa mwenzao na hakuna anayejua Taguchi ana nini. Maabara ya chuo ina programu ndogo ya nukta zinazoelea kwenye kioo: mbili zikikaribiana mno zinakufa, zikiachana mno zinavutwa tena. Harue anasema ni mfano wa dunia yetu. Hiyo haina uhusiano na intaneti. Ni watu. Kompyuta katika filamu hii zimekuja kuwapa picha ya kile walichokuwa tayari.

Niseme pia neno kuhusu namna ilivyopigwa picha, kwa sababu wengine huondoka wakilalamika kwamba "haitishi." Mpiga picha mkuu, Junichiro Hayashi, ndiye aliyepiga Ringu. Hapa kamera husimama mbali na kukaa kimya. Mzimu mara nyingi uko nyuma, ukungu ukungu, na hakuna muziki wa kukushtua uangalie. Michi anapomwona mwanamke akijirusha kutoka juu ya mnara wa kiwanda, tunamwona akipanda, akiruka na kufika chini bila mkato wowote. Nafikiria wale watafsiri wetu wa kwenye vibanda umiza, mabingwa wa kujaza kila sekunde kwa maneno na utani. Filamu hii ingewapa shida kubwa. Ukiujaza ule ukimya umeitoa roho yake.

Furaha ya Michi

Mwisho ni huu. Michi na Ryosuke wamempata Harue katika kiwanda kilichoachwa, na amejipiga risasi mbele yao. Wanaendesha gari katika Tokyo tupu, ndege ya mizigo ya kijeshi inaanguka ikiwaka moto, wanapata boti, wanafika kwenye meli. Nahodha, aliyeigizwa na Koji Yakusho, anasema wanafuata ishara za redio zinazotoka Amerika ya Kusini, watakwenda mpaka pale zitakapowafikisha. Michi anamuuliza kama alifanya vyema kuendelea. Nahodha anamjibu kwamba alifanya vyema. Ndani ya chumba chake, Ryosuke, aliyekuwa amekwisha kufifia tangu kile chumba cha mzimu, anageuka doa. Na Michi anasema kwamba sasa, akiwa na rafiki yake wa mwisho duniani, amepata furaha.

Wapo wanaosema amerukwa na akili, kwani rafiki mwenyewe ni majivu. Wapo wanaosema ni dalili kwamba na yeye anafuata. Filamu haiwafungii mlango, kwa sababu sauti yake ni tulivu mno, na Taguchi naye alikuwa mtulivu vilevile siku aliyochukua kamba.

Mimi naichukua sentensi yake kama ilivyo. Pitia upya alichokifanya tangu dakika ya kwanza. Taguchi haonekani, Michi ndiye anayekwenda kwake. Junko anaingia chumbani, Michi anamtoa. Ryosuke ni mgeni kabisa kwake, wamekutana barabarani gari lake likiwa limekufa, na anapolegea yeye ndiye anayemshikilia mpaka kwenye meli. Ameshindwa kumwokoa hata mmoja. Lakini katika filamu iliyojaa watu wanaoshinda mbele ya vioo, Michi ndiye anayeinuka mara kwa mara kwenda kwa mwenzake, na anaendelea hata baada ya kujua haisaidii. Kama kifo ni upweke usiokwisha, yeye amepata muda kidogo kabla yake wa kukaa na mtu, na anajua ni mdogo. Sioni kichaa hapo.

Jambo moja ambalo sijaweza kulipatia jibu linaloniridhisha ni la usimulizi. Filamu inafunguka na Michi akiwa tayari kwenye meli, akieleza jinsi yote yalivyoanza, kwa hiyo tunayoyaona ni kumbukumbu yake. Lakini nusu ya kumbukumbu hiyo ni ya Ryosuke na Harue, mambo ambayo Michi hakuyashuhudia. Yawezekana Ryosuke alimsimulia njiani. Yawezekana mwongozaji hakujali. Ukumbatio wa Harue chumbani kwake, hata hivyo, hakuna aliye hai aliyeuona, na sijui tunautazama kwa macho ya nani.

Kwa anayetaka kuitazama sasa: tafuta ile ya 2001, yenye urefu wa karibu saa mbili, kwa Kijapani na maandishi ya tafsiri chini. Ukiikuta Pulse yenye waigizaji wa Kimarekani, umekosea mlango. Usiitazame kwenye simu mchana wa jua. Nusu ya mizimu imewekwa kwenye pembe za giza, utaona kioo cheusi na uso wako.